Samaki Asiyehama

Shimo la choo la Mwalimu Ferdinandi lilikuwa limefika kimo cha mtu mzima pale sururu ilipogonga mwamba. Fundi aligonga tena, kipande kikabanduka, na chini yake yakaonekana maji. Yalikuwa maji ya chumvi, yametulia, tena ya baridi kiasi kwamba fundi alipanda juu akaomba chai. Kwenye ufa wa mwamba alikuwamo samaki mwekundu, mnene, mwenye midomo mizito na miiba mgongoni, amekaa kama mtu aliye kwake. Mapinga ni juu, na bahari iko mbali, ng'ambo ya lami na mashamba ya mihogo. Fundi akamaliza chai, akasema kazi ya siku ile imeishia hapo, akakusanya vifaa vyake akaenda zake.

Ferdinandi alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa sekondari, mwenye tabia ya kutafakari kabla ya kupiga simu. Alitafakari, kisha akampigia mtu aliyemuuzia kiwanja.

"Bwana Kitwana, habari za kazi? Ukipata nafasi pita nyumbani. Shimoni kuna samaki."

Kitwana alikuwa kituo cha daladala, chini ya mwavuli wake, kando ya ubao wake wa VIWANJA VINAUZWA, akimweleza mteja kwamba umeme uko njiani. Hakuuliza samaki gani. Aliuliza shimo limechimbwa upande gani.

"Kona ya nyuma," alisema Ferdinandi. "Pale penye udongo laini."

Kitwana alimwambia mteja arudi kesho. Alijua kwa nini udongo wa kona ile ulikuwa laini. Pale alizikwa mtoto wa dada yake.

Dada huyo, Hafidha, alikuwa amezaa mara moja tu maishani, mtoto wa kike, aliyeishi toka alfajiri mpaka adhuhuri. Hakupewa jina, kwa kuwa siku ya kupewa jina ilikuwa bado. Baba yao alimzika shambani Mapinga, wakati ule Mapinga ikiwa shamba kweli, mikorosho na minazi tupu, maana ndivyo ukoo wao ulivyozika vichanga: kwenye ardhi ya wenyewe, karibu na mikono ya wenyewe. Kitwana alikuwa mdogo, akabebeshwa kata ya maji ya kunyunyizia kaburi. Hafidha akapanda mche wa asumini. Baadaye mumewe alifariki, mtoto mwingine hakuja, na kila Shaaban, kabla ya mfungo, Hafidha alikwenda kufyeka majani, kuchoma ubani na kusoma Yasini. Magoti yalipomgomea, kazi hiyo akamwachia mdogo wake.

Mdogo wake akauza.

Sasa, kuuza kiwanja si kupeana mikono tu. Mwenyekiti wa mtaa huja na muhuri wake, majirani wa mipakani huitwa, watu huzunguka mipaka kwa miguu, na mbele ya wote mwenyekiti huuliza yaleyale: kuna mgogoro, kuna mrithi mwingine, kuna kaburi. Hilo la kaburi huulizwa mwisho na kwa sauti, kwa sababu kaburi lina wenyewe, na wenyewe hawaachi kuja. Mnunuzi akisikia kaburi, ama bei inaporomoka, ama anakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Kitwana alikuwa dalali. Swali hilo alilijua kama jina lake. Siku moja kabla ya mauzo alikwenda na jembe, akaung'oa mwasumini, akalisawazisha tuta, na jiwe la kichwani akalirusha kwenye rundo la mawe ya mpakani. Mwenyekiti alipouliza, Kitwana akajibu kwamba mrithi ni yeye peke yake na kaburi hakuna. Majirani wa zamani walikuwa wameshauza na kuondoka, na hawa wapya hawakujua kitu. Muhuri ukagongwa.

Hafidha hakuambiwa. Kila Ijumaa Kitwana alikwenda Bagamoyo kula kwake, na Shaaban ilipofika alimwambia amekwishafyeka, majani yalikuwa mengi mwaka huu, dada, panga limekuwa butu. Uongo mzuri huwa na panga butu ndani yake, na Kitwana alikuwa hodari wa kazi hiyo.

Alipofika shimoni aliwakuta watu wameshazunguka. Angela, mke wa Ferdinandi, alikuwa kwenye kiti cha plastiki akichambua mchele. Mdogo wake, Natalia, anayefundisha mambo ya uvuvi chuoni, alikuwa ameshashuka, ameshaangalia, ameshapanda, na sasa anaeleza. Huyu, alisema, ni samaki wa miamba ya bahari za baridi, huko ambako watu huvaa makoti mchana. Hatagi kama wengine, huzaa watoto walio hai. Huweza kuishi kumpita binadamu, na mwamba akishauchagua hauachi mpaka kufa. Macho yake yametokeza hivyo kwa sababu amepandishwa juu ghafla. Samaki wa aina hii akitolewa chini kwa haraka hutoka macho. Hakusema nani aliyempandisha. Mtu mmoja aliuliza kama analiwa, Natalia akasema analiwa, na mazungumzo hayo hayakuendelea.

Kitwana alichungulia. Samaki alimtazama kwa macho yake yaliyotoka, bila kupepesa, maana samaki hawapepesi, na Kitwana akawa wa kwanza kuangalia pembeni.

Ferdinandi alimvuta kando kwa adabu. Alisema wao walinunua kiwanja pamoja na vilivyomo, lakini samaki huyu kwa kumtazama tu anaonekana ana mwenyewe. Kama kuna jambo lolote hapo chini, basi waambiwe. Kuhamisha shimo si tabu, wao hawana neno.

"Ni mwamba tu, mwalimu," alisema Kitwana. "Samaki nitamtoa mimi."

Alishuka kwa ngazi na ndoo ya rangi iliyooshwa. Samaki hakukimbia wala hakupiga mkia. Kitwana alimbeba kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu kwa ajili ya miiba, na baridi ikampanda vidoleni mpaka kwenye kifundo, ikakaa hapo. Alikodi bodaboda mpaka pwani, ndoo mapajani, akaingia majini na suruali yake akammwaga. Maji yalikuwa vuguvugu. Samaki alielea kidogo, kisha akazama.

Kitwana aliporudi kuwaambia kwamba wanaweza kuendelea kuchimba, samaki alikuwa kwenye ufa wake.

"Amefika kabla yako," alisema Angela. "Nilikuwa sijamaliza mchele."

Kitwana alimpeleka tena, safari hii mbali zaidi, kwa wavuvi waliomtosa kwenye kina kirefu na kurudi kuapa kwamba amekwenda. Samaki akarudi. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu. Watu wa Mapinga wana kazi zao. Mama Wahida, jirani mwenye genge, akaanza kushusha soda zake shimoni kwa kapu na kamba, kwa kuwa friji lake lilikuwa limeharibika, na alikuwa na adabu ya kumsalimu samaki kabla ya kushusha. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akaangalia, akasema hana maelekezo yoyote kuhusu samaki. Fundi akarudi kazini, akapaua chumba cha pili. Nyumba ilikwisha, isipokuwa choo.

Kwa hiyo Ferdinandi na Angela wakawa wanakwenda choo cha jirani, huku wakingoja samaki aondoke. Kwa mwalimu na mkewe, watu waliojenga kwao, hilo halikuwa jambo jepesi. Angela alikuwa akipita barabarani na kopo alilolifunika kwa kanga, akisalimia watu haraka haraka kama mtu anayechelewa mahali. Asubuhi moja alikutana na Kitwana njiani. Alimsalimia vizuri tu, akauliza na watu wa nyumbani. Kitwana alijibu huku anaangalia miguu yake. Angeweza kusema pale pale, neno moja tu, na mwanamke yule angechimba choo chake mahali pengine jioni ileile. Hakusema. Kusema kwa Angela kulikuwa kusema kwa Hafidha, na hilo Kitwana hakuliweza.

Ile baridi ya mkono nayo haikutoka. Kitwana aliuweka mkono juani, aliuchovya kwenye maji ya moto, aliusugua kwa mafuta ya karafuu. Wateja waliompa mkono walimpa pole. Wengine walimshauri apime sukari. Akaanza kusalimia kwa kuweka mkono kifuani, akaonekana amekuwa mcha Mungu, na watu wawili watatu wakamsifu kwa hilo. Sifa zile zilimuuma kuliko baridi yenyewe.

Hafidha hakukwepeka kwa mkono kifuani. Ijumaa, Kitwana alipoingia Mji Mkongwe wa Bagamoyo na kuvua viatu mlangoni, dada yake aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona, akanyoosha mkono kama alivyonyoosha tangu walipokuwa wadogo, na Kitwana akaubusu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mkono hivi? Kama umetoka kuosha maiti."

Kitwana alisema alikuwa ameshika soda. Hafidha alimchemshia tangawizi, akamtazama anavyokunywa, na kikombe kikapoa mkononi mwake kabla hakijafika nusu. Wakala. Wakazungumza habari za watu, nani kaoa, nani kaumwa. Hafidha alikuwa amesikia kwamba huko Mapinga kuna shimo lenye samaki. Kijana aliyemletea uzi ndiye aliyemhadithia. Kitwana akasema Mapinga ni kubwa siku hizi, upande huo wa shimo hata yeye hafiki. Hafidha akaitikia kwa kichwa, akatoa miiba ya changu na kumwekea minofu upande wake wa sahani, kama anavyofanyiwa mtoto. Kitwana alikuwa na mvi.

"Shaaban hii tutakwenda sote," alisema Hafidha alipokuwa anakusanya vyombo. "Magoti yamenipa ruhusa."

Kitwana alitaja barabara. Hafidha alisema kuna bajaji. Kitwana alitaja jua. Hafidha alisema ana mwavuli. Kitwana akasema yeye ameshafyeka, kazi imekwisha, ya nini kujisumbua.

"Ya kufyeka umefanya wewe, Mungu akulipe," alisema Hafidha. "Mimi nakwenda kumwona."

Siku mbili tatu zilizofuata Kitwana alitembea na maneno mdomoni. Alipanga namna ya kuanza: dada, kuna jambo. Alifika mpaka kwenye neno kuna, akageuza. Alifikiria kumwonyesha mahali pengine, jiwe lolote chini ya mkorosho wowote, na wazo hilo lilipomjia alikaa kitako kando ya barabara akafunika uso kwa ule mkono wa baridi, kwa kuwa aliona kwamba anaweza kabisa kulifanya. Mwishowe hakufanya lolote. Alimwambia Ferdinandi kwamba dada yake atakuja kumwona samaki. Ferdinandi akasema karibuni sana, watu wanakuja kila siku.

Walifika baada ya alasiri. Hafidha alivaa buibui lake la kutokea, na kikapuni alikuwa na chetezo, ubani, chupa ya marashi na msahafu mdogo wa Yasini. Bajaji iliposimama alishuka, akaangalia nyumba ya tofali na bati jipya, dirisha lenye pazia, mchicha kwenye mitaro. Hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba bila kuonyeshwa njia, goti moja likivuta, akapita karo la kufulia, akasimama kwenye mdomo wa shimo.

"Ni hapa," alisema.

Angela alimletea kiti. Mama Wahida aliyekuwa ameanza kuvuta soda zake alilirudisha kapu chini taratibu, akajifunga kanga vizuri kichwani. Hafidha aliinama. Baridi ya shimo ilimpiga usoni, na pumzi yake ikatoka na moshi. Chini, samaki mwekundu alitoka kwenye ufa wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote, akaja mpaka mahali penye mwanga, akaanza kuzaa. Watoto walitoka wakiwa hai, wadogo kama pumba za mchele, wengi mno, wakatanda kwenye maji mpaka maji yakaonekana yanapumua. Ferdinandi alivua kofia. Natalia angefurahi kuona, lakini alikuwa kazini.

Hafidha alikoleza ubani, akanyunyiza marashi shimoni, akasoma Yasini yote, bila haraka, akirudia pale sauti ilipokwama. Alipofika kwenye dua alimtaja marehemu kama mwanangu, kwa kuwa jina hakuwa nalo. Hapo ndipo Ferdinandi alipoelewa. Kitwana alimwona anavyoelewa. Mwalimu aliangalia shimo, akaangalia rundo la mawe ya mpakani, akamwangalia mkewe, na mkewe naye alikuwa ameshaelewa na ameshaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nani aliyechimba hapa?" aliuliza Hafidha.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani kapika. Ferdinandi alimtazama Kitwana na kungoja. Alingoja vya kutosha. Mtu yeyote angeweza kusema kweli katika muda ule na bado akabakiwa na nafasi ya kuomba radhi.

"Mimi, dada," alisema Kitwana. "Mwasumini ulikufa. Nikaona bora pajengewe, pawe na maji. Na hawa nimewaweka waangalie eneo."

Ferdinandi angeweza kusema. Alifungua mdomo, na ndani ya kichwa chake mambo yakajipanga: akisema kaburi, atakuwa amesema mrithi, akisema mrithi, atakuwa amesema baraza la ardhi, akisema baraza la ardhi, basi bati, tofali, pazia na mchicha vyote vitakuwa vimesimama mahali pasipo pake. Aliufunga mdomo. Alikuwa mtu mwema, na aliona aibu, na aibu haikumzuia kunyamaza.

Hafidha aliwageukia yeye na Angela, akawaombea kila la heri, wao na watoto wao, kwa kumtunzia mwanawe. Kisha akamgeukia mdogo wake. Aliuchukua ule mkono wa baridi kwa mikono yake yote miwili, akauinua, akaubusu. Mkubwa hambusu mdogo mkono. Kitwana alijaribu kuuvuta, dada yake akaung'ang'ania, akaubusu tena, na machozi yake yalipoangukia juu ya ngozi ile yaliganda. Hafidha aliyapangusa kwa kidole akisema tangawizi hii uwe unakunywa kila siku, Kitwana, usidharau.

Wakati anasaidiwa kupanda bajaji, Ferdinandi alimsogelea Kitwana kwa nyuma.

"Tulikuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya watu wote, tulikuuliza."

Kisha akageuka, akarudi kwa mkewe.

Njiani Hafidha alikuwa mwepesi, kama aliyetua mzigo. Alisema alikuwa na hofu moja kwa miaka mingi na leo imemtoka. Alikuwa akiogopa kwamba akifa watamzika makaburi ya mjini, penye msongamano, na mtoto atabaki peke yake huko shambani. Lakini ameona leo kwamba panatunzwa. Upande wa kulia wa shimo, kati yake na ukuta, pana nafasi ya mtu mmoja aliyelala. Ameipima kwa macho.

"Nikifa nizike pale," alisema. "Ni pangu, Kitwana. Usinipeleke kwingine."

Bajaji ilikuwa inapiga kelele, na Kitwana angeweza kujifanya hakusikia. Alisema inshallah. Hafidha hakuridhika na inshallah ya barabarani. Akamtaka aseme kwa maneno. Akasema kwa maneno. Wiki ileile Hafidha alimweleza imamu, akawaeleza na wanawake wenzake wa kisomo, na kila mmoja alimpongeza kwa kuwa na ndugu wa namna ile.

Ferdinandi na Angela hawakuligusa tena lile shimo. Walilizungushia tofali, wakaweka wavu juu ili kuku wasitumbukie, na Mama Wahida akahamishia soda zake kwenye friji la mtu mwingine bila kuambiwa. Watoto wa samaki walikua. Jioni Angela alikuwa akikaa pale na kiti chake, amejifunika shuka. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila choo, na kiwanja kilikuwa chembamba: mbele barabara, kushoto kisima cha jirani, nyuma mpaka. Ilibaki sehemu moja tu. Ferdinandi alimwita fundi, halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutafakari, akampigia simu Kitwana.

Kitwana alikuja. Fundi alikuwa ameshachora duara kwa chokaa, upande wa kulia, kati ya shimo la zamani na ukuta. Ferdinandi hakumsalimia kwa mkono. Alimwonyesha duara.

"Na hapa?" aliuliza. "Leo niambie. Hapa pana mtu?"

Kitwana alilitazama duara. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja aliyelala, kama dada yake alivyosema; jicho la Hafidha lilikuwa halijakosea. Aliona aibu nzito kuliko ile ya siku ya muhuri, kuliko ile ya kubusiwa mkono, kwa sababu safari hii hakuhitaji hata kudanganya.

"Hapa hapana mtu," alisema.

Fundi akatema mate viganjani, akainua sururu. Kitwana alisimama kando mpaka shimo likafika kiunoni, kisha kifuani, akingoja mwamba utokee, au maji, au kitu chochote chenye macho. Udongo ulitoka mkavu na laini. Fundi alisema akipata kazi kama hii kila siku atajenga na yeye, akaomba maji ya kunywa, akaendelea kuchimba.